Yale maneno ya Voltaire ya kutetea haki ya kusema, ni yake kweli?

MwanaMkomani
Asalaam aleikum wadau. Wiki ijayo tuna mdahalo wa vijana hapa Amu (Lamu), pale Mkunguni mbele ya ngome, na mimi ndo nimetwikwa bango. Nilitaka liandikwe "Sikubaliani na unayosema, ila nitaitetea mpaka kufa haki yako ya kuyasema" halafu chini jina la Voltaire, yule mwandishi wa zamani wa Ufaransa. Sasa kuna mwalimu kaniambia nisithubutu, ati Voltaire hajapata kusema hivyo. Nimeingia intaneti nikakuta sura yake na wigi lake na maneno yayo hayo kila pahali, lakini hakuna hata mmoja anotaja kitabu. Fundi anataka maneno leo jioni, nisaidieni.

Binti_Langoni
Mwalimu wako asema kweli. Hayo aliyaandika mwanamke wa Kiingereza, Evelyn Beatrice Hall, kwenye kitabu chake The Friends of Voltaire cha 1906, na juu ya kitabu akaweka jina la kubuni, S. G. Tallentyre. Voltaire alikufa 1778, hesabu mwenyewe. Hall alikuwa anasimulia kisa cha Helvétius, mwanafalsafa Mfaransa aliyetoa kitabu De l'esprit 1758, mwaka uliofuata mahakama kuu ya Paris ikaamuru kichomwe moto. Hall akaeleza vile Voltaire alivyolichukulia jambo hilo, akaandika sentensi hiyo ndani ya alama za kunukuu kisha akamalizia kuwa huo ndo ulikuwa msimamo wake. Sasa mtu akiona zile alama tu hasomi mbele, abeba maneno aenda nayo. 1939 Hall mwenyewe alimjibu mtu kwa barua kuwa maneno ni yake na hazikufaa kuwekwa alama.

Nahodha_mstaafu
Ngoja kwanza. Mimi nimesoma kuwa iko kwenye barua ya Voltaire kwa bwana mmoja, Le Riche, tarehe 6 Februari 1770. Na tarehe mnapewa, sasa mwataka nini tena?

Binti_Langoni
Mzee wangu shikamoo. Barua ipo kweli, ila hiyo sentensi haimo. Kuna mtungaji wa kitabu cha nukuu za Kifaransa, 1963, ndo aliyeielekeza huko, na watu wakiona tarehe kamili hawaendi kufungua barua wakaisoma. Tarehe ndo inayotia watu mtegoni haswa, mtu yuwadhani hakuna anayeweza kubuni mpaka siku ya mwezi.

Kaka_Shela
Lakini yote ya nini jamani, kwani leso mama zetu wanazovaa zina jina la mtunzi pale pindoni? Neno likiwa zuri ni zuri, andika bango bila jina yaishe.

MwanaMkomani
@Kaka_Shela kwenye leso hakuna anayeongopa kuwa kasema fulani, mimi nataka kuweka jina la mtu mbele ya umati na yule mwalimu ndo jaji, ataniaibisha. @Binti_Langoni kwa hivyo Voltaire hakumtetea kabisa huyo Helvétius?

Binti_Langoni
Alimtetea, na hapo ndo patamu kuliko hiyo nukuu yenyewe. Baadae aliandika kuwa alimpenda mwenye kitabu lakini hakupata kuyakubali makosa yaliyomo, wala ule ukweli wa kawaida unaotangazwa kwa mbwembwe, ila watu wa ajabu walipomhukumu kwa ukweli huo huo yeye akasimama upande wake waziwazi. Kufa hakukutajwa. Kwa hivyo Hall hakumzulia msimamo, sentensi tu ndo yake. Mimi ningeandika "Evelyn Beatrice Hall, akieleza msimamo wa Voltaire, 1906".

MwanaMkomani
Ni refu hilo, fundi atoza kwa herufi 😂

Nahodha_mstaafu
Basi andika E. B. Hall, 1906. Na umwambie fundi rangi iwe ya mafuta, pale upepo wa kusi hauna huruma.