Ngitili za Shinyanga: tuzilime au tuendelee kuwafugia fisi?

Mwana Kishapu: Wakuu, tujadili bila matusi. Kijijini kwetu kuna ngitili ya kijiji, yaani eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza hadi kiangazi, iliyofungwa tangu enzi za HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Majani yamerudi, migunga imefunga, kanga na kware tele, hadi digidigi wanaonekana. Na fisi wamerudi. Sasa vijana wanataka eneo ligawanywe walime dengu na mpunga, wazee wamegoma. Vijana wanasema: sisi ndio tunaolinda, mbuzi wanaoliwa ni wetu, faida anapata nani? Nyie mnaonaje?

Jaruba la Mpunga: Igawanywe. Heka moja ya jaruba mwaka ukiwa mzuri inalisha familia. Heka moja ya migunga inalisha kunguru.

Mwalimu Mstaafu: Jaruba, wewe umezaliwa lini? Shinyanga ya miaka ya themanini ungeiona usingeongea hivyo. Mkoloni alifyeka mapori kwa sababu ya mbung'o, kina Swynnerton hao, yule Mwingereza mkuu wa utafiti wa mbung'o, tangu miaka ya 1920. Ikaja pamba ikamalizia. Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa, ngitili za babu zetu zikabaki hazina mwenyewe. Upepo wa Agosti ulikuwa vumbi tupu. HASHI inaanza 1986, ngitili zilizokuwa zinajulikana ni kama hekta 600 mkoa mzima. Mradi unafungwa 2004 zimeshavuka laki tatu. Na si kwa miche! Miche walianza nayo kwenye vitalu, mingi ikafa, mpaka wazee wakawaambia huku sisi tuna jambo letu: mvua ikianza funga eneo, ng'ombe asikanyage, kiangazi kikikolea ndipo ufungue. Visiki vilikuwa hai chini muda wote.

Mchunga Mbali: Hekta 600 au 6,000? Kila semina inataja yake.

Mwalimu Mstaafu: 600. Kalale.

Jaruba la Mpunga: Umri wangu unahusiana nini na mpunga? Ndiyo tabia yenu wastaafu: mna pensheni, halafu mnamwambia kijana asiye na hata robo heka atunze kanga. Miaka hiyo ya themanini watu mlikuwa wangapi kijijini? Tuanzie hapo.

Kahama Mjini: Mnabishania majani bure. Fisi wa Usukumani wana wenyewe, wachawi wanaowafuga, hilo mbona hamlisemi? Fyekeni ngitili yote, fisi watakuwepo tu. Hawalali porini wale, wanalala uvunguni kwa watu.

Mchunga Mbali: Hahaha, ngosha umenena. Ndiyo maana kwetu fisi anakula mbuzi wa boma moja tu, kila akija ni hapohapo. Mabomba mengine anapita kama hayaoni. Namaanisha maboma.

Bibi Dengu: Ni hapohapo kwa sababu boma hilo ni miiba mitatu na mlango wa gunia. Fisi haendi kwa mganga ili alione hilo.

Kahama Mjini: Mama, unamtetea fisi au unamtetea mwenye fisi?

Bibi Dengu: Kijana, utani huo uliuwa bibi zetu. Mimi ni wa huko, nimezika. Miti ilipoisha kuni zikawa safari ya asubuhi hadi jioni, bibi asiye na nguvu za kwenda huko akapikia mavi ya ng'ombe. Moshi ukamla macho yakawa mekundu, na mtu aliyekuzwa kwa ugali wa moshi huohuo akaja kusema "ona macho yake, huyu ndiye mwenye fisi". Akakatwa mapanga. Mnaongelea ngitili kama suala la majani ya ng'ombe tu. Kwangu mimi mwanamke, ngitili ni kuni karibu na nyumba, ni uyoga, ni dawa ya tumbo ya mtoto. Kabla hujacheka na fisi fikiria hayo.

Kahama Mjini: Kwani kuni hazitoi moshi?

Mchunga Mbali: Hapo kuna hoja kidogo. Kuni zina moshi.

Bibi Dengu: Haya. Endeleeni.

Wundanyi Juu: Jamani, niingilie kutoka ng'ambo. Huku Taita, Kenya, shida yetu ni ndovu. Kule Sagalla watu wameweka mizinga ya nyuki kwenye ua wa shamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, anageuza. Asali unauza. Yaani unaishi na mnyama na bado unapata kitu. Na sheria yetu ya 2013 mtu akiuawa na mnyama familia inalipwa milioni tano. Nyinyi nasikia iliandikwa milioni moja, tena ya Tanzania?

Jaruba la Mpunga: Nyuki hamzuii fisi, jirani. Fisi atakula na mzinga.

Mwalimu Mstaafu: Kanuni za 2011 ndizo ziliandika milioni moja, na inaitwa kifuta machozi. Usije kutucheka. Hizo milioni tano zenu tunasikia madai yanazeeka mezani. Umewahi kumshika mkono mtu aliyezipokea?

Wundanyi Juu: Sikucheka mzee wangu, niliuliza. Madai yamechelewa, hilo ni kweli. Lakini ya kuchelewa ni milioni tano.

Kahama Mjini: Mkenya na majigambo yake! Sisi ndovu wetu wako Meatu huko, wanatoka pori la Maswa wanakula mahindi ya watu. Na wenyewe hawafugwi uvunguni, nakubali.

Mwana Kishapu: Wakuu, nilikuwa nauliza kuhusu ngitili.

Karani wa Kata: Kisheria halina mjadala mrefu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999: ardhi ya pamoja haigawanywi na kamati wala na wazee wawili chini ya mti. Ni mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye ngitili binafsi ndiye anaweza kuiombea hati ya kimila, akaamua alime au afunge. Ya kijiji ikishagawanywa vipande vya heka mbilimbili hairudi tena kuwa ngitili. Kipande cha heka mbili katikati ya mashamba, ng'ombe wa jirani wanakimaliza siku moja.

Mchunga Mbali: Afadhali umetenganisha ya binafsi na ya kijiji, maana hapo ndipo kwenye kidonda na watu wanapapitia mbali. Vijana hawachukii majani. Mwenye ng'ombe mia mbili ana ngitili yake binafsi, anaifunga vizuri, hata kuku hapiti. Julai ya kijiji ikifunguliwa, ng'ombe wake ndio wa kwanza kuingia. Wanaimaliza. Oktoba, wakati ng'ombe wetu wanatembea na mbavu nje, ndipo anaifungua yake anaikodisha. Kwa hela! Sisi wenye ng'ombe wanne tumelinda ya kijiji miezi yote, sungusungu ni sisi, usiku ni sisi, fisi tunakutana naye sisi. Kijana akiona hivyo atasema nini zaidi ya "igawanywe"? Mimi nasema isilimwe, lakini kila kaya iwe na idadi ya ng'ombe wa kuingiza, na anayezidisha alipie kichwa kwa kichwa.

Jaruba la Mpunga: Hiyo hata mimi naikubali. Ila ya mpunga sijaifuta.

Mwalimu Mstaafu: Kama unanisema mimi, nitaje jina. Ngitili yangu nimeifunga kwa jasho langu tangu 1991, wakati wewe baba yako anakata miti ya mkaa.

Mchunga Mbali: Mwalimu, mimi sikutaja mtu. Baba yangu muache apumzike.

Bibi Dengu: Ameitika mwenyewe.

Karani wa Kata: Faini ya kuingiza ng'ombe kabla ya siku ya kufungua, dagashida, lile baraza letu la jadi, walishaipitisha. Anayezidisha idadi, hapana, hilo halimo kwenye sheria ndogo. Inabidi liandikwe.

Mchunga Mbali: Basi kwa kuwa Mwalimu ameitika: wale ng'ombe wenye alama ya sikio waliolala ndani ya ngitili ya kijiji wiki ya kwanza walikuwa wa nani?

Mwalimu Mstaafu: Wa shemeji yangu. Na alilipa.

Mchunga Mbali: Alimlipa nani, na risiti iko wapi?