Mbunge aliyejenga darubini kubwa kuliko zote za enzi zake, nani anamjua?

Baba_Mbagala: Wakuu, jana umeme umekatika tumekaa barazani, mwanangu anakodolea nyota maswali hayaishi, nikakumbuka kuna tajiri wa Ayalandi alikua mbunge na mtu wa nyota. Nani ana stori yake?

Mzee wa Kigamboni: Huyo ni William Parsons, Lord Rosse, kazaliwa 1800. Alikaa bungeni London mpaka 1834 akaachia ngazi, akarudi kwao Birr, Ayalandi, kuhangaika na darubini. Kioo kakiyeyusha palepale nyumbani, shaba na bati, upana kama mita 1.8, uzito tani 3 hivi, na mafundi ni vijana wa shambani kwake aliowafundisha mwenyewe!! 1845 akaichungulia M51, galaksi yaani kundi kubwa la nyota lililo mbali sana, akaiona imejizungusha kama maji yakizama kwenye tundu la sinki, hakuna aliyekua ameliona hilo kabla yake.

dada_temeke: Na mwaka huohuo viazi vikaanza kuoza, njaa ikaingia, akaweka nyota pembeni akahangaika na watu wake. Mi hapo ndo namheshimu zaidi.

Baba_Mbagala: Asanteni sana, leo usiku namsimulia dogo.

Mzee wa Kigamboni: Mwambie hakuna darubini iliyoizidi ukubwa mpaka 1917.