Meli ikifunga gati Shanghai una saa chache tu mkononi. Ulizitumiaje? Tupeane uzoefu

Baharia_wa_Chumbageni

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa nne kwenye meli za watalii, idara ya usafi wa vyumba. Watu wa nyumbani wakisikia "leo tuko Shanghai" wanadhani baharia anakula mji mzima. Ukweli ni kwamba nimefika mara sita, na mji nimeuona mara mbili. Hizo nyingine niliishia duka la karibu na bandari, nikanunua tambi za pakiti na kutafuta intaneti ya kumpigia mama.

Tatizo la kwanza ni umbali. Gati ya mjini ipo, upande wa Hongkou, lakini kuifikia lazima upite chini ya daraja la Yangpu, na nafasi iliyopo kati ya maji na daraja ni mita 48. Meli kama yetu, ghorofa juu ya ghorofa, itapenya wapi? Kwa hiyo tunafunga Wusongkou, wilaya ya Baoshan, pale mto Huangpu unapoingia Yangtze. Hadi katikati ya mji ni zaidi ya kilomita 20.

Siku yangu nzuri ilikuwa hivi. Nilimaliza vyumba saa 3 asubuhi, zamu nyingine saa 11 jioni. Nikachukua metro namba 3 kituo cha Baoyang Road, nikabadilisha Hongkou Football Stadium, nikashika namba 8 hadi People's Square. Kutoka hapo ni miguu tu, barabara ya Nanjing hadi ukingo wa mto, mahali wanapopaita Bund. Nyuma yako yamejipanga majengo ya mawe ya enzi za Wazungu, lile la forodha lenye saa ni la 1927. Mbele yako, ng'ambo ya mto, minara ya Pudong. Shanghai Tower peke yake ina mita 632, ghorofa 128. Siku hiyo kilele kilikuwa ndani ya mawingu.

Kupanda juu yake sikupanda, kiingilio kilinishinda. Badala yake nilivuka mto kwa pantoni ya wananchi, yuan 2. Wakuu, nisameheni, kumbukumbu yangu ya Shanghai ni hiyo pantoni. Watu wamesimama na baiskeli na pikipiki za umeme, mmoja ana mfuko wa vitunguu majani unachungulia kwenye kikapu, mwingine anasinzia wima. Lango likifunguka wote wanatoka kwa mkupuo kama Kigamboni saa 12 asubuhi. Hakuna aliyenishangaa wala kutaka kupiga picha na mimi. Nilienda na kurudi mara mbili, yuan 8 jumla. Huko juu mnarani nasikia ni zaidi ya 100.

Sasa kosa langu. Tulikuwa tumetoka Japani, na saa za melini zilibaki za Japani. China iko nyuma yao saa moja. Simu yangu ikajibadilisha yenyewe kimyakimya. Narudi nikijisifu, saa 10 na nusu, mapema kabisa. Kumbe melini ni 11 na nusu, na msimamizi amesimama juu ya ngazi amekunja mikono. Yaliyofuata hayaandikiki hapa.

Haya, nanyi leteni zenu.

Mama_wa_Makindu

Mimi nilikuwa abiria, tulikuwa tunasherehekea miaka 25 ya ndoa. Pasipoti zetu ni za Kenya na visa ya China hatukuhitaji, maana tangu Mei 2024 kundi la watu wawili na zaidi wanaoingia kwa meli ya kitalii kupitia wakala wa utalii wa huko wanaruhusiwa hadi siku 15. Shida ni kwamba unafuata bendera ya mwongozaji kama watoto wa nasari.

Alitupa saa moja ya kujitegemea barabara ya Nanjing. Saa moja! Wakaja wasichana wawili, Kiingereza safi, wakaomba tuwapige picha. Tukapiga. Wakasema wanaenda kuonja chai, kuna onyesho la kimila, karibuni. Mimi nimezaliwa nyumba ya chai, nikajiambia chai itanifanya nini? Tukaingia kachumba kadogo, mama mmoja akamimina vikombe vya ukubwa wa kifuniko cha chupa, aina sita. Chai ya jasmini ilikuwa tamu, sikatai. Bili ikaja: yuan 1,400.

Mume wangu ni mtu mpole, lakini siku hiyo alisema Kikamba ambacho sijakisikia tangu tumeoana. Tuliacha 600 mezani tukatoka. Wale wasichana walikuwa wameshapotea. Mtu akikuomba picha mahali pale, mpige picha na uendelee na safari yako.

Kibwana.M

Pole dada. Nauliza kuhusu chakula cha halali, na pa kuswali. Mdogo wangu anaanza mkataba mwezi wa tisa.

Tuliosoma_Shanghai

Kibwana, mfundishe mdogo wako herufi mbili: 清真. Zikiwa juu ya mlango, ale bila wasiwasi. Wengi ni Waislamu wa Kihui, wanapika tambi za kuvutwa kwa mkono. Jamaa anachukua donge la unga, analipiga mezani, analivuta, analikunja, na kabla hujakaa vizuri ni nyuzi. Zile xiaolongbao wanazosifia wageni, vifuko vya mvuke vyenye mchuzi ndani, kwa kawaida ni nguruwe.

Kuswali, msikiti wa Fuyou Road uko karibu na bustani ya Yu, ile iliyoanza kujengwa 1559. Anaweza kuunganisha yote mawili.

Na alipe kwa simu. Aweke Alipay na kadi yake akiwa bado melini, maana huko nje intaneti itamsumbua, na WhatsApp haifunguki kwa laini ya huko. Noti wanapokea, ila mpe muuza viazi vitamu noti ya 100 uone atakavyozunguka jirani kutafuta chenji.

Nahodha_bila_Meli

Ninyi mnalalamikia kilomita 20? Sisi tulifunga Tianjin, wakatuuzia "siku moja Ukuta Mkuu". Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi, ukutani saa moja na nusu. Nimeona migongo ya viti vya basi kuliko ukuta.

Mzaliwa_Malindi

Baharia, hapo unapofunga gati pana habari zetu. Baoshan maana yake ni mlima wa hazina. Mwaka 1412 walijenga kilima cha udongo pale mdomoni mwa Yangtze ili manahodha wajue wapi pa kuingilia, mfalme Yongle akakipa jina hilo. Ndiyo zama za Zheng He, amiri wa misafara ya baharini ya mfalme huyo, na merikebu zake zilikuwa zikikusanyika Liujiagang, juu kidogo ya mto huo huo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kama zawadi. Kwa hiyo mtu wa pwani kukaa kwenye mlango wa mto huo si jambo geni.

Baharia_wa_Chumbageni

Mara sita nimefunga hapo na sijawahi kukiona. Kiko upande gani?

Mzaliwa_Malindi

Hakipo. Bahari ilikimeza 1582.

Baharia_wa_Chumbageni

Ahsante mkuu, nitawasimulia wenzangu wa zamu. Tunarudi huko mwezi ujao. Nilipokuwa likizo nilinunua Kariakoo saa ya mkononi ya elfu kumi na tano, isiyojibadilisha majira hata uivushe bahari ngapi. Jana nimeigeuza nyuma: imetengenezwa China.