Kikundi: Ukoo wa Babu Magomeni

Mama Mkubwa: Asalaam aleikum wanangu. Asha viza imetoka alhamdulillah, tunafika Milano tarehe 3 Oktoba mimi na mjomba wako. Swali langu moja tu, nibebe kopo? 🙈

Asha: Waaleikum salaam mamkubwa, hongereni jamani!! Kopo acha, huku kila nyumba ina bidee, kasinki kadogo ka chini pembeni ya choo, unakaa unafungua maji unachamba vizuri tu. Tena ni sheria tangu 1975, nyumba ya kuishi lazima iwe nayo

Idi: Kumbe Wataliano nao wanachamba 😂😂 na nilivyohangaika London na chupa ya maji

Asha: Ila umeme sasa. Nyumba nyingi wana kilowati 3 tu, juzi nimewasha mashine ya kufulia huku oveni inawaka nikasema nipige pasi kidogo, giza, nikashuka mpaka chini kwenye mita kupandisha swichi na lifti yenyewe watu wawili mmebanana

Idi: Umekimbia mgao umeukuta Ulaya

Mjomba Omari: Baridi je? Hita zipo?

Asha: Zipo mjomba ila Milano haziwashwi mpaka tarehe 15 Oktoba, na hapo mwisho masaa 14 kwa siku. Njooni na masweta

Mama Mkubwa: Heee! Na kule Roma tulikolipia siku mbili?

Asha: Hotelini watataka paspoti msishtuke, taarifa za kila mgeni zinapelekwa polisi ndani ya masaa 24. Mtadaiwa na kodi ya mji, kila kichwa kila usiku, hata kama chumba mlishalipia mtandaoni, wekeni yuro za pembeni. Asubuhi msitegemee supu, ni kikahawa cha mafunda mawili na mkate mtamu. Na kamba ya bafuni msiiguse!!

Mjomba Omari: Kamba gani tena?

Asha: Inaning'inia kwenye bafu, ni kengele ya mtu akianguka. Mimi siku ya kwanza nikajua ya kuanikia, nikatundika chupi, dada wa mapokezi huyo mbio anagonga mlango na mimi nimejaa mapovu mpaka machoni

Idi: 😂😂😂😂 nimekufa

Mama Mkubwa: Haya mwanangu nimekuelewa. Ila kopo nabeba, ntatia iliki ndani