Slaidi moja ya mwamba ina viumbe wa kina kifupi na wa bahari kuu: tabaka la Natih nilisomeje?

KijanaWaMaskati: Wakuu, salaam. Natafiti chokaa ya Natih, Oman, tabaka la zama za Kretasia linalotoa mafuta Fahud. Kina kilekile kinanipa vipande vya rudisti, jamii ya chaza waliokwisha kutoweka waliokaa maji ya kina kifupi, pamoja na foraminifera, vijidudu vya baharini vyenye gamba, wale wanaoelea wa bahari kuu. Nimeandika kwamba bahari ilipanda ghafla ikazamisha fungu la chokaa walimokaa rudisti. Niko sahihi? Sura ya tasnifu naikabidhi Jumapili, usingizi sipati.

BiMkubwa: Pumzika, mwanangu. Marehemu mume wangu alifanya kazi jangwa lile. Fahud walichimba 1956 wakatoka kapa, kisima kiliyakosa mafuta kwa mita mia chache tu. Yakapatikana 1964. Haraka haina baraka.

Mchorongaji: Sampuli ni mche mzima wa mwamba au chenga za kuchoronga?

KijanaWaMaskati: Slaidi ziko safi, maabara ni nzuri.

Mchorongaji: Sijauliza maabara.

KijanaWaMaskati: Ni chenga. Mche haukutolewa. Lakini wengi hutumia chenga, na msimamizi ameshapokea muhtasari.

MzeeWaTambuu: Chai hii. Mwanafunzi apewe slaidi za kisima cha mafuta? Leta picha, tusimalize bando bure.

KijanaWaMaskati: Picha siruhusiwi, mzee wangu. Slaidi namba 7 nimekaa nayo wiki nzima: vinyweleo vimejaa gundi ya buluu, ukuta wa rudisti una vijumba kama sega la nyuki. Chenga zenye foraminifera ni za kijivu, matope matupu.

Mchorongaji: Huyu hatungi, sega hilo ni la rudisti kweli. Na hizo za kijivu ndizo za kutilia shaka. Juu ya Natih kuna Fiqa, matope ya bahari kuu. Ukuta wa kisima ukimomonyoka, Fiqa hudondoka ikapanda pamoja na chenga za chini. Bomba la chuma linalokinga ukuta liliishia wapi?

KijanaWaMaskati: Lakini hata ndani ya Natih kuna vipindi vya kina kirefu!

Mchorongaji: Vipo. Basi usihesabu slaidi nzima, hesabu chenga mojamoja. Ipo yenye rudisti na foraminifera wanaoelea kwa pamoja? Kama haipo, huenda zimechanganyikia kisimani tu.

KijanaWaMaskati: Nimefungua ripoti. Bomba liliishia ndani ya Fiqa, mita 40 juu ya Natih, kwa hiyo mita hizo za Fiqa zilibaki wazi. Nimehesabu chenga 112 usiku huu, hakuna hata moja yenye vyote viwili. Asubuhi namwandikia msimamizi.