Mjadala: Bei ya maji mijini ipande kwanza, au mabomba yazibwe kwanza?

Mtoa mada: Wakuu, ukame ukibisha hodi, mamlaka za maji hukimbilia dawa ileile: bei ya ngazi. Ukivuka kiwango fulani, kila uniti ya ziada ina bei kali zaidi. Napinga kuanzia hapo. Bomba kuu linavuja chini ya barabara usiku kucha, halafu mwananchi ndiye aambiwe afunge koki? Mwaka 1993 mji wa Phnom Penh, Cambodia, ulikuwa unapoteza takriban asilimia 72 ya maji yake kwa mivujo, wizi na kutokuwa na mita. Wakabadili mabomba, wakafunga mita, wakawabana hata wakubwa waliozoea maji ya bure. Upotevu ukashuka chini ya asilimia 10.

Mchangiaji wa 1: Hadithi umeikata katikati, mkuu. Phnom Penh walipandisha bei pia. Fundi halipwi kwa hewa. Na ukame hausubiri mtaro uchimbwe. Cape Town, Februari 2018, iliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, na ngazi za juu zikawa za adhabu. Matumizi ya jiji yakashuka kwa zaidi ya nusu yakilinganishwa na 2015.

Mtoa mada: Malizia basi. Watu walipobana, mapato yakaanguka, na Julai 2018 ikaja tozo ya kila mwezi kwa ukubwa wa bomba, utumie usitumie.

Mchangiaji wa 2: Nyote mnazungumza kana kwamba kila familia ina mita yake. Nyumba ya wapangaji, familia nane, mita moja: kila familia inatumia kidogo, lakini jumla inaruka hadi ngazi ya juu kabisa. Maskini analipa bei ya mwenye bwawa la kuogelea. Na mwenye kisima binafsi, anayefyonza maji yaleyale ya ardhini, haonekani popote kwenye hesabu!

Mchangiaji wa 3: Na vyoo? Sheria ya Marekani ya 1992 ilitaka vyoo vipya visizidi lita 6 kila ukivuta. Vingi vya zamani vilimeza 13 au zaidi. Maji yaliokolewa bila kumhubiria mtu.

Mchangiaji wa 1: La mita ya pamoja nakubali: ngazi zihesabiwe kwa idadi ya familia. Ila bili inakwenda kwa mwenye nyumba. Akipunguziwa yeye, nani atahakikisha mpangaji naye anapunguziwa?