Wagombea wawili wa bunge la jimbo Minnesota: nimpe nani kura?

Kipanga77
Wakuu, habari za jioni. Niliapa uraia mwezi Machi, na Agosti 11 napiga kura yangu ya kwanza hapa Minnesota, hizi za kuchagua mgombea wa chama, tunazoita kura za maoni kule nyumbani. Nina karatasi mbili za wagombea mezani, wote wa DFL, yaani chama cha Democrats cha hapa Minnesota, wote wanautaka ubunge wa jimbo.

Wa kwanza ni mwalimu mstaafu. Anasema kodi za pango zisipandishwe ovyo, treni iletwe, na viwanja vya watoto viwekwe taa. Wa pili ana biashara ya usafi. Yeye anataka kodi ya majengo ishuke, magari yanayonguruma usiku yadhibitiwe, na nyumba za kulelea wagonjwa zisirundikane mtaa mmoja. Mashimo ya barabarani wameyaahidi wote wawili.

Nani ana nafuu? Mambo ya Washington naomba yakae nje, nataka ya mtaani.

FundiBomba
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale.

NyamiraKwetu
Ndugu yangu, umetuandalia ugali bila mboga. Unaishi mji gani? Umepanga au una nyumba yako? Kiti chenyewe ni cha seneti au cha baraza la wawakilishi? Mwaka huu viti vyote vinagombewa, 67 vya seneti na 134 vya baraza. Sasa mtu akushauri nini hapo?

Kipanga77
Niko kaskazini ya Minneapolis. Nimepanga. Hayo mengine sijui mkuu, karatasi zimejaa picha za mbwa na wajukuu.

MzeeBandari
"Kaskazini ya Minneapolis" ni sawa na kusema unakaa bara. Brooklyn Park? Crystal? Robbinsdale? Taja.

DadaWaZamu
Kama umepanga mpe mwalimu, na nitakueleza kwa nini.

Januari 2022 nilikuwa kwenye jengo la ghorofa tatu, mji siutaji. Ijumaa jioni mtambo wa joto ukafa. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Narudi saa moja unusu asubuhi, nafungua mlango, pua ikanidokeza kabla ya macho: harufu ya gesi. Mama yangu, alikuwa amekuja kutembea kutoka Kisii, kafungua mlango wa oveni, kaiwasha yote, kakaa mbele yake na mjukuu mapajani kama wako jikoni kwa kuni. Mtoto kavaa koti la theluji, na viatu. Nilikimbia dukani kununua kipimajoto. Chumba cha kulala kilisoma 51 za Fahrenheit. Kwa vipimo vyetu hizo ni kama kumi na nusu, ndani ya nyumba ninayoilipia!

Nikapiga ofisi. Bonyeza moja, bonyeza mbili, acha ujumbe. Jumamosi hakuna mtu. Jumapili hakuna mtu. Jumatatu kijana akaleta hita mbili za umeme za kupasha joto, nikiwasha zote mbili fyuzi inaruka. Mtambo ulitengenezwa Alhamisi. Nilipohama mwezi wa tano wakakata dola 385 kwenye diposti, eti zulia lina madoa ya mafuta mbele ya jiko.

Wakati huo sikujua kitu. Sikujua kwamba diposti inatakiwa irudi ndani ya siku 21 pamoja na maelezo ya maandishi ya kilichokatwa. Na tangu Januari 2024 sheria inasema kama mwenye nyumba ndiye anayeendesha mtambo, basi joto lisishuke chini ya 68 kuanzia Oktoba mosi mpaka Aprili 30. Sheria hiyo imetoka hapo St. Paul, mji mkuu wa Minnesota, kwenye bunge hilihili mnaloliona dogo. Kwa hiyo mtu akifungua mdomo kuhusu wapangaji mimi namsikiliza.

FundiBomba
Pole sana dada. Na hizo hita ndizo zinazounguza majengo.

MzeeBandari
Pole binti yangu, huyo hakuwa na utu. Lakini tusichanganye mambo. Joto ni jambo moja, kodi ya pango ni jingine. Huyo mwalimu atazuiaje kodi isipande? Sheria ya jimbo inaukataza mji kuweka kikomo mpaka wananchi wenyewe wapige kura kwenye uchaguzi mkuu. St. Paul walipiga Novemba 2021, wakaweka asilimia 3 kwa mwaka. Kilichofuata? Vibali vya ujenzi vikaanguka, na mwaka uliofuata baraza la mji likalegeza kwa kuyaachia majengo mapya miaka 20. Mimi nina nyumba moja tu, ya kwangu, na sehemu ya chini nimempangisha kijana wa Malindi. Kodi ya majengo ikipanda nimpe nani mzigo? Mpe wa pili.

DadaWaZamu
Mzee, shikamoo, lakini wewe una kijana mmoja wa Malindi. Wenye nyumba wangu walikuwa na majengo tisa.

MzeeBandari
Marahaba. Kodi haijui kuhesabu majengo.

Bukavu_Moja
Mie nasema treni, njo vile. Sina gari. Ghala ninapofanya kazi liko Brooklyn Park, nami nalala kusini ya mji. Basi mbili, na ya pili ikikuacha, unasimama dakika 30 kwenye baridi ambayo ndevu zinakuwa barafu. Ile treni ya Blue Line wanayotaka kuirefusha ni maili 13.4 hadi huko Brooklyn Park. Kwanza waliipanga ipite kwenye njia ya reli ya mizigo, wakashindwana na kampuni, mwaka 2020 wakaanza kutafuta njia upya. Mzee Bandari akishusha kodi, treni itatembea kwa maji?

NyamiraKwetu
Treni ina watu wake wanaoilalamikia, hasa wenye maduka inakopita. Lakini mimi limenikera lile la nyumba za kulelea. Nusu ya kanisa letu inakula kutokana na nyumba hizo. Mtu kafika hapa na begi moja, kafanya zamu mbili kwa miaka minane, kapata leseni, kafungua nyumba ya wagonjwa wanne. Leo aambiwe "mmerundikana"? Tupate riziki wapi pengine? Huyo wa pili simpi hata kura ya kuazima.

FundiBomba
Mimi naingia kwenye hizo nyumba kutengeneza mabomba. Nyingine ni safi kuliko kwangu. Ila mtaa wangu ziko tatu, na saa tisa mchana zamu zikibadilishana unahesabu magari kumi na moja barabarani. Katapila la theluji likija linazunguka kama nyoka. Jirani mmoja anapiga simu mjini kila wiki. Anayelalamika si lazima awe na chuki.

NyamiraKwetu
Basi apewe maegesho, si kufungwa leseni.

DadaWaZamu
Nafanya kazi kwenye mojawapo. Hilo la magari ni kweli kabisa, naona aibu hata kubisha.

MzeeBandari
Na mashimo mnayaachia wapi? Hapo wote wawili wanamdanganya mgeni. Shimo la mtaani kwako ni la mji. La barabara ya kaunti ni la kaunti. La barabara kuu ya jimbo ndilo la jimbo. Mbunge anaweza kupigania fungu la pesa, basi. Ukitaka shimo lizibwe kabla ya Krismasi mpigie diwani wako.

Kipanga77
Kumbe. Wakuu hili neno "jimbo" nalo linanichanganya. Kwetu Tanzania jimbo ni la mbunge mmoja, mtu anasema "mbunge wa jimbo la Kyela" na kila mtu anaelewa. Hapa jimbo ni Minnesota nzima?

NyamiraKwetu
Kwetu hicho kipande cha mbunge mmoja ni eneo bunge. Hapa jimbo ni Minnesota nzima, ndani yake kuna wilaya 67 za seneti, kila moja imekatwa vipande viwili, A na B, kila kipande na mwakilishi wake. Ndiyo maana nikakuuliza mwanzoni. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa Novemba 2024 kwa kipande cha 38A, Brooklyn Park. Mtu wa 38B hakumwona kwenye karatasi yake ya kura hata kama wanasali pamoja.

Bukavu_Moja
Kwa hiyo tumpe mtu kura kwa sababu ni wa kwetu?

NyamiraKwetu
Nimesema hivyo wapi? Nimetoa mfano wa A na B.

Bukavu_Moja
Nauliza tu, bwana. Kwetu tumeshaona ukabila unakotupeleka.

DadaWaZamu
Jamani. Kipanga, geuza hizo karatasi. Chini kabisa, maandishi madogo, kuna namba ya wilaya.

Kipanga77
Nimegeuza. Mwalimu kaandika namba na A. Wa biashara ya usafi namba hiyohiyo lakini B.

NyamiraKwetu
😂😂 Hao hata hawashindani!

MzeeBandari
Subhanallah. Tumebishana tangu maghribi. Hizo karatasi ulizipata wapi?

Kipanga77
Ya mwalimu ililetwa mlangoni. Ya pili niliikuta kwenye kioo cha gari nje ya kanisa. Au ilikuwa kinyume, mke wangu ndiye aliyezipanga mezani. Namuuliza akirudi kazini.

FundiBomba
Ingia tovuti ya katibu wa jimbo, andika anwani yako, inakuonyesha watakaokuwa kwenye karatasi yako ya kura. Huenda mwalimu hana hata mpinzani.

DadaWaZamu
Na Agosti usichanganye vyama. Ukianza upande wa chama kimoja malizia hukohuko, ukiruka kura zako zote za vyama zinaharibika. Kazini wana wajibu wa kukuruhusu utoke ukapige kura bila kukatwa mshahara. Bosi wangu alinikunjia uso lakini nilitoka.

Kipanga77
Sijajiandikisha bado, na bili ya umeme iko kwa jina la mke wangu. Leseni ina anwani ya zamani. Nimechelewa?

DadaWaZamu
Hapana, hapa unajiandikisha siku hiyohiyo kituoni. Kama huna karatasi yenye anwani mpya, mtu aliyeandikishwa kituo hichohicho anaweza kuapa kwamba anajua unaishi hapo. Mmoja anaruhusiwa kuapia mpaka watu wanane.

Kipanga77
Mtu wa jengo langu ninayemjua ni yule wa ghorofa ya pili tuliyegombana naye kwa ajili ya jiko.

FundiBomba
Jiko gani tena?

Kipanga77
La mkaa. Nilichoma mbuzi kwenye baraza Julai 4, akaita zimamoto.

MzeeBandari
Kijana, jengo la ghorofa huwashi mkaa kwenye baraza, kanuni za moto zinakataza. Kashukuru hukuandikiwa faini.

NyamiraKwetu
Hakuna mgombea anayezungumzia hilo? Kura yangu iko hapo.

FundiBomba
Mbuzi wenyewe mnanunua wapi siku hizi? Yule wa South St. Paul amepandisha.